Niwaonyeshe lini vijana amri zinazofuta kazi?

Ndugu Mshauri,

Nasimamia vijana wanaojifunza kuandika programu katika ofisi yetu ndogo hapa Mwanza. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, wanaianza wiki ya kwanza, na hapo ndipo ninapokwama.

Majuzi binti mmoja alishinda akibadilisha mafaili bila kukomiti, yaani bila kuyahifadhi kwenye historia ya Git. Kitu kikagoma, akatafuta suluhisho mtandaoni, akanakili `git reset --hard`. Skrini ikamjibu kwa mstari mmoja tu, hakuna onyo wala swali. Mafaili yote yakarudi yalivyokuwa kwenye komiti ya mwisho. Binti akalia, nami sikuwa na cha kumrudishia, kwa sababu mabadiliko ambayo hayajakomitiwa wala kupitishwa kwenye `git add` (amri ya kuyaandaa kabla ya kukomiti), Git haiyajui. Angekuwa amekomiti, `git reflog`, orodha ya komiti ulizopitia, ingetuonyesha pa kuanzia. Komiti iliyoachwa kwa kawaida haisafishwi kabla ya siku 30.

Haikupita muda, kijana mwingine alikataliwa kupushi, yaani kupeleka komiti zake kwenye seva, akaongeza `--force` ya kulazimisha. Komiti za mwenzake zikatoweka kwenye tawi (mkondo wa kazi) la pamoja. Hizo tulizipata, maana aliyeziandika bado alikuwa nazo kwenye kompyuta yake.

Tangu hapo nimelifunga tawi kuu kwenye seva lisipokee `--force`. Kwenye matawi yao nawataka watumie `--force-with-lease`, ambayo hukataa ikiwa tawi la kwenye seva limeshabadilika bila wao kujua. Lakini kompyuta zao siwezi kuzifunga. Mtu akiandika `git clean -fd`, mafaili mapya yanafutwa moja kwa moja, hata kwenye kapu la taka hayapiti.

Mwenzangu ofisini anasema tuwafundishe kukomiti, kupushi na kuvuta tu, hayo mengine watayakuta wakikomaa. Sikubaliani naye: binti yule hakufundishwa amri ile, aliikuta mwenyewe siku amebanwa. Ila nikiwatisha nako naharibu. Sasa hivi binti anakopi folda nzima kabla ya kila amri, mezani kwake kuna mradi_mpya, mradi_mpya2, mradi_mwisho, na kukomiti anakuogopa, wakati hicho ndicho kingemwokoa.

Nafikiria niwape mradi wa mazoezi wiki ile ile ya kwanza, wauharibu kwa makusudi, kisha wautafute kwa `reflog`. Ninyi mnaofundisha, mmewahi kuanza hivyo na watu wasiojua hata komiti ni nini? Au kwanza wazoee, na onyo lije lini?

Msimamizi, Mwanza