Bati jeusi la hita ya jua lisipakwe rangi ya kawaida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi mafundi wa hita za maji za jua, hasa wa Mbeya, Iringa na Njombe, waache kupaka rangi ya mafuta kwenye bati linalopokea joto.

Nilitengenezewa hita ya namna hiyo hapa Uyole, na Juni ilipoingia, maji hayakupita uvuguvugu hata siku jua lilipowaka tangu asubuhi. Baada ya miezi kadhaa kioo kinachofunika bati kilifanya ukungu upande wa ndani. Nilipokifungua na kukipitishia kidole, ulikuwa mvuke wa mafuta ya rangi ulioganda, na bati lenyewe lilikuwa limeanza kubanduka maganda.

Fundi alijua kwamba cheusi hunywa jua, na ni kweli, kwani rangi nyeusi nzuri hunywa takribani asilimia 95 ya mwanga. Tatizo ni kwamba hulitoa joto kwa wepesi uleule: bati hilo likifika nyuzi 70, kila mita ya mraba hutoa mionzi ya joto ya karibu wati 700, na kioo hurudisha sehemu tu, hasa kinapopigwa na upepo wetu wa baridi. Kila mpishi anajua kwamba sufuria iliyosuguliwa hukaa na joto kuliko iliyojaa masizi.

Dawa yake ipo tangu miaka ya 1950, Harry Tabor wa Israeli alipoonyesha utando mweusi unaochagua mionzi. Kromu nyeusi juu ya nikeli inayong'aa hunywa jua karibu sawa na rangi, lakini hutoa kama asilimia 10 tu ya joto ambalo cheusi kamili kingetoa, kwa sababu utando huo ni mwembamba mno kiasi kwamba mionzi ya joto huupita kana kwamba haupo, ikabaki kazi ya madini yanayong'aa chini yake, ambayo ni machoyo wa kutoa joto.

Simshauri fundi yeyote achovye bati mwenyewe, maana dawa za kromu ni sumu kali. Anunue bati lililokwisha kupakwa kiwandani, na mteja, kabla ya kulipa, aulize tarakimu mbili: linanywa jua kiasi gani, na linatoa joto kiasi gani. Naiomba VETA iwafundishe vijana wetu tarakimu hizo mbili pamoja, na Shirika la Viwango Tanzania lihakikishe zinaandikwa kwenye kila hita inayouzwa.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya