Yule malkia wa kwanza hakufa kwa sababu yako

Mwanangu, mama yangu,

Sauti uliyotuma jana kwa simu ya mama nimeipata, na shikamoo yako marahaba sana. Nimeisikiliza mara tatu, hasa pale unapohesabu sisimizi wetu 35, 36, 37 halafu unapotea unaanza upya na mdogo wako nyuma anapiga kelele kwamba kuna mwingine kajificha kwenye pamba. Sasa ni saa nne usiku huku Tunduru, umeme umerudi, simu iko kwenye chaji na mimi nimekaa chini karibu na soketi nikuandikie, maana kuna jambo siwezi kulisema kwenye simu mama akiwa anasikia na bibi anasikia na wewe unanijibu "sawa baba" tu.

Jambo lenyewe ni la yule malkia wetu wa kwanza wa sisimizi, wa mwaka jana. Kwenye sauti umesema safari hii unaishika testityubu, kile kichupa chembamba cha kioo wanamokaa, kwa mikono miwili "ili nisiue tena". Hiyo "tena" imenikosesha usingizi. Hukuua. Ulimwangusha Jumapili, kweli, ile testityubu ilibiringika mpaka chini ya kochi ukalia mpaka kwikwi, lakini mayai yalikuwa yameshaisha tangu Alhamisi na mimi nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa namtoa kabatini kila usiku mkiwa mmelala, nammulika na tochi ya simu, navuta pamba kidogo ili picha isitoke na ukungu niwaonyeshe wenzangu wa maabara. Kila usiku mwanangu, wiki mbili nzima. Malkia akiwa ndo anaanza kaya yake hali kitu chochote, anaishi kwa mafuta ya mwilini na ile misuli mikubwa ya mbawa kifuani ambayo haitaki tena kwa sababu mbawa ameshazikata mwenyewe, mwili unaiyeyusha taratibu inakuwa chakula chake na cha watoto. Akiba yenyewe ni hiyohiyo, hakuna nyingine. Sasa akishtuliwa na mwanga na mtikisiko anaona mahali hapa si salama, anakula mayai yake ili asipoteze kila kitu, baadae anataga tena, ukimshtua tena anakula tena, na kila mzunguko anatoka na nguvu pungufu. Nilihesabu mayai 9, kesho yake 6, halafu hakuna. Nilipokuona unalia ilibidi niseme palepale, nikanyamaza, na mama akasema basi ni mdudu tu nikanyamaza tena. Nisamehe mwanangu. Sikupaswa kukuachia mzigo huo mwaka mzima.

Huyu wa sasa unakumbuka tulivyompata? Machi, siku ya pili ya mvua kubwa, kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya baraza na watoto wa jirani wameweka beseni la maji, na wewe katikati ya vurugu yote ile ukasema baba huyu ana kiuno. Nilifurahi sana. Watu wazima wengi wanawachanganya, lakini kumbikumbi ni mchwa, na mchwa ni ndugu wa mende, mwili wake umenyooka tu, wakati sisimizi ni ukoo mmoja na nyigu na nyuki na kiuno chake kimekatika kabisa. Alikuwa mkubwa, kahawia, kifua kimenenepa, anakimbia kwenye sakafu na mbawa hana, pembeni ya kifua ana vile vialama zilipokuwa. Ndo wale wanaoitwa Camponotus, wale wa usiku tunaowaona kwenye kuta na jikoni taa ikizimwa, wenye tumbo la madoadoa. Kwa anayeanza sidhani kuna wazuri kuliko hawa. Wakubwa unawaona vizuri, hawana mwiba, wakikasirika watauma kwa taya na kurusha asidi kidogo basi, na malkia anajifungia mwenyewe bila kudai chakula mpaka vibarua, wale sisimizi wafanyakazi, wa kwanza watoke. Mdogo wako anataka majimoto wa kwenye mwembe, mwambie hapana, wale wanaishi kwenye majani waliyoyashona na hasira yao anaijua mwenyewe. Na siafu ndo kabisa, kundi la siafu halikai ndani ya nyumba ya mtu kwa amani.

Safari hii tulifanya ilivyotakiwa. Maji theluthi moja ya testityubu, pamba imeshindiliwa mpaka maji hayavuji ila inabaki na unyevu, malkia, pamba kavu mlangoni, soksi nyeusi juu yake, kabatini nyuma ya khanga za bibi. Wiki tatu hatukugusa. Najua ilikuuma, nilikuona unavyopita pale mlangoni pa chumba cha bibi unasimama unaondoka. Tulipofungua kulikuwa na mabuu meupe amewakusanya pamoja kama punje za mchele, baadae yale mafuko ya rangi ya kaki wanayojifungia mabuu wakikua, na wiki ya sita vibarua wanne, wadogo kuliko kawaida kwa sababu wamelelewa na akiba ya mwili wa mama yao peke yake. Wanaofuata wanakuwa wakubwa kidogo kidogo kwa kuwa sasa kuna wa kuwatafutia chakula. Wale askari wenye vichwa vikubwa watakuja mbele huko, usiwasubiri mwezi huu wala ujao.

Sasa niko mbali, kwa hiyo wewe ndo mwenye nyumba. Chakula, mara mbili kwa wiki kinatosha. Tone la asali iliyochanganywa na maji, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, uweke kwenye kipande cha nailoni na si juu ya pamba maana pamba ikinata wanakwama na ukungu unaota. Halafu kipande cha mdudu kwa ajili ya mabuu, sukari ni ya vibarua kupata nguvu ya kukimbia lakini mtoto anayekua anataka nyama. Panzi wa uani ni mzuri, mchovye kwanza kwenye maji ya moto, akipoa mkate paja uwape. Mende wa jikoni USIWAPE, hujui kapita kwenye dawa gani, mmoja tu mwenye sumu anamaliza kaya yote kwa sababu hakuna anayekula peke yake mle ndani.

Hilo nataka ulione kwa macho yako. Siku ukiweka asali tulia pembeni na taa hafifu, chagua kibarua mmoja anayekunywa umfuate yeye tu. Utaona tumbo linavimba mpaka zile pingili nyeusi zinaachana na katikati kunang'aa kama balbu. Hapo hajala, amebeba. Ana tumbo la kubebea na tumbo lake mwenyewe, mawili tofauti. Anarudi ndani, anakutana na mwenzie, wanagusana papasi, vile vinyuzi vya kichwani, haraka haraka kama watu wanaosalimiana kwa mikono yote miwili, halafu midomo inakutana na tone linatoka kwa huyu linaingia kwa yule, yule anampa mwingine, na mwisho linafika kwa malkia na kwa mabuu ambao hawajawahi kutoka pale walipo. Mimi niliwahi kukaa hapo lisaa lizima mama akidhani nimelala.

Mwambie bibi kwa heshima, usimwambie kama unamuamuru, kwamba siku ya kupulizia dawa ya mbu akwambie kwanza uwatoe uwapeleke chumba kingine na usiwarudishe mpaka harufu iishe kabisa. Atakubali, bibi anakuelewa kuliko anavyonielewa mimi. Na mwombe makopo manne yanayofanana na yale yaliyo kwenye miguu ya kabati lake la chakula, uweke maji na uyaweke chini ya miguu ya stuli yenye wadudu wako. Hiyo ni dhidi ya wale sisimizi wadogo wa sukari, wakigundua asali wanakuja mstari mzima na wakiingia kwenye testityubu ya watu 37 hawabakishi kitu. Kwa upande wa ndani, wasitoroke, paka poda ya mtoto uliyokoroga na spiriti kwenye ukingo wa lile boksi wanamolia chakula, spiriti ikikauka inabaki poda na miguu yao inateleza. Spiriti apake mama, wewe usiishike.

Ile nyumba yao mpya ya jasi nitaitengeneza nikija Desemba. Najua umeona kwenye video watu wana majumba ya vioo yenye vyumba ishirini, lakini kaya ndogo ukiipa nyumba kubwa wanageuza vyumba vitupu kuwa jalala, wanatupa uchafu humohumo na unyevu haushikiki. Waache wabanane kwanza, kubanana hakuwadhuru.

Na huyo mtu aliyemuandikia kaka yako anataka malkia, analipa kwa dola na ametaka atumiwe kwenye bahasha, kaka yako asimjibu. Mwaka 2025 hapo Kenya vijana wawili kutoka Ubelgiji, miaka 19 tu, walikamatwa Naivasha na sisimizi kama 5,000, wengi wao malkia wa wale wekundu wakubwa wanaokusanya mbegu za majani, wamewapanga kwenye vitesti tyubu na pamba kama ya kwetu. Mahakama ikawapa faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja au jela miezi 12. Lakini hata bila mahakama fikiria mwenyewe, kila malkia ni kaya nzima ambayo haitakuwepo, na wale wekundu ndo wanaosambaza mbegu za nyasi ardhini. Halafu huko wanakopelekwa wakitoroka hujui watafanya nini na sisimizi wa watu. Sisi tuna mmoja, alikuja mwenyewe barazani kwetu, anabaki Morogoro alipozaliwa. Na ukichoka siku moja, maana kuchoka kupo, uniambie tumrudishe pale uani usiku wa mvua, usimuache afe kwa kusahauliwa. Kuna malkia mmoja wa sisimizi weusi wa Ulaya alitunzwa ndani akaishi zaidi ya miaka 28. Sisemi wetu atafika huko, ila akifika utakuwa na miaka 39.

Kitu cha mwisho. Kwenye kioo cha testityubu yao nilichora mstari kwa peni nyekundu, maji yakishuka hadi hapo usiongeze wala usiwamwage. Chukua testityubu mpya iliyo kwenye droo yangu, ina maji na pamba tayari, ziunganishe mdomo kwa mdomo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ile mpya ivike soksi, ya zamani iache kwenye mwanga, uondoke. Watahama wenyewe. Inaweza kuchukua usiku mmoja, inaweza kuchukua siku nne, utawaona wanabeba mabuu mmoja mmoja kwa taya na malkia anaweza kuwa wa mwisho kabisa, usimsukume. Jumamosi jioni nitapiga, uniambie mstari umefika wapi.

Baba yako