Ekseli za mbele: msiingie chini ya gari lililoegemea jiwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wenye Toyota ndogo za kuvuta mbele, kama IST, Vitz, Corolla na wenzao, ambao siku hizi hununua ekseli (fimbo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi gurudumu la mbele) dukani na kuifunga wenyewe uani. Hatuwakatazi. Kazi hiyo inawezekana. Ila Mwanza mawe yako kila kona, na mtu akishapiga jeki anabiringisha jiwe chini ya gari, kisha anaingia uvunguni. Jiwe la mviringo hubiringika, lililochongoka hugusa chuma kwa ncha moja tu. Ukianza kusukuma ekseli kwa mtaimbo gari linatikisika na ncha ile inateleza. Tafuta stendi mbili za chuma, au magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana, juu ya sakafu ngumu, na kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Uwanja ukiwa na mteremko, kama nyumba nyingi za Mabatini na Igogo, peleka gari pengine.

Kwanza hakikisha ekseli ndiyo inayoumwa. Mlio wa ta-ta-ta unaozidi ukikata kona huku umekanyaga mafuta hutoka kwenye jointi ya nje, kiungo cha ekseli kilicho upande wa gurudumu. Gari likitetemeka unapoongeza mwendo na kutulia unapoachia, shuku jointi ya ndani, ile ya upande wa gia boksi. Mngurumo usiojali umekanyaga au umeachia mara nyingi ni beringi au tairi, na ekseli mpya haitautibu.

Mara nyingi chanzo ni buti, kile kimpira chenye mikunjo kinachofunika jointi. Kikipasuka, grisi inarushwa nje na mchanga unaingia. Grisi iliyobaki inageuka msasa. Kupanda vilima vyetu vya mawe huku usukani umekunjwa hadi mwisho na mguu uko kwenye mafuta humalizia kazi, maana hapo jointi hubeba mzigo ikiwa imepinda kabisa. Ukiona buti limepasuka na mlio bado haujaanza, usinunue ekseli: safisha jointi, weka grisi nyeusi ya molibdenamu inayokuja na buti jipya, funga. Ile ya njano ya beringi haikutengenezwa kwa jointi hiyo.

Dukani nenda na ekseli ya zamani mkononi. Linganisha urefu (kwenye Toyota nyingi ndogo ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto), hesabu meno ya ncha zote mbili, na tazama kama ya kwako ina pete ya meno ya ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga). Kama ni ya mtumba, ipinde jointi kila upande: iwe nzito na laini. Ikicheza au ikigonga, irudishe kwa muuzaji.

Nati kubwa ya katikati, mara nyingi namba 30, ilegezwe gurudumu likiwa bado chini na mtu akikanyaga breki. Nyingine zina pini na kofia; nyingine ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, na huo uinuliwe kwa tindo kwanza. Hii ya pili haitumiki tena, nunua mpya. Baada ya kupiga jeki na kutoa gurudumu, achanisha bol jointi ya chini (kiungo cha duara chini ya gurudumu) na mkono wake wa chuma (Corolla nyingi zina bolti moja na nati mbili), na tairodi endi pia, kile kiungo cha usukani. Wapo wanaofungua bolti mbili za shokapu badala yake; mlalo wa gurudumu unaweza kubadilika na tairi likaanza kuliwa upande. Kama ni lazima, weka alama kabla ya kufungua. Mpira wa breki usibebe uzito wowote.

Shafti ikigoma kutoka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, rudisha nati ya zamani hadi ilingane na ncha, ndipo ugonge, na ubao katikati. Kwenye gia boksi usivute kwa kushika fimbo: jointi ya ndani itaachana ndani ya buti lake. Sukuma kwa mtaimbo kati ya gia boksi na kikombe cha jointi, ukitanguliza beseni, kwa sababu oili itamwagika. Kabla ya kuingiza mpya paka oili kwenye mdomo wa sili (mpira unaozuia oili ya gia boksi kuvuja) na uishike shafti sawasawa, meno yasiukwaruze. Uwazi wa pete ya waya iliyo kwenye ncha inayoingia gia boksi uelekee chini. Sukuma mpaka usikie tak, kisha vuta kikombe kidogo, kikitoka, hakijashika.

Sasa kukaza ile nati kubwa ya katikati, mahali ambapo kazi nyingi za nyumbani huharibika. Toyota nyingi za ukubwa huu hutaka Newton-mita 216, sawa na kilo 22 kwenye mkono wa mita moja. Hakiki kipimo cha gari lako. Kijana wa kilo 70 akisimama mwisho wa bomba la mita mbili anatoa zaidi ya mara sita ya hiyo. Nati ikilegea, beringi inacheza na kufa mapema. Ikizidi, nyuzi zinakatika. Asiye na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) aazime mizani ya ndoano, ile wanayopimia samaki Mwaloni Kirumba. Laza bomba la mita moja sawasawa na ardhi upande wa kushoto wa nati, ning'iniza mizani mita moja kutoka katikati yake, vuta juu mpaka isome kilo 22 ukijumlisha nusu ya uzito wa bomba. Tairi liwe chini, breki imekanyagwa. Kabla ya hapo gari lisisukumwe hata hatua moja, maana uzito wake utaangukia beringi isiyobanwa.

Oili ya gia boksi iongezwe ya aina iliyoandikwa kwenye dipstiki au kitabu. Usiku laza kipande safi cha boksi chini ya gia boksi. Asubuhi kikiwa na doa jipya, sili imekatwa na ekseli itoke tena.

Mafundi wawili wa magari,
Nyakato, Mwanza