Somo, kabla hujanunua tangi la pili

Kimara, Dar es Salaam
14 Septemba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mama miguu bado inamsumbua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema simtanki la lita 1,000 mnalijaza Jumapili, na ikifika Alhamisi mnakwangua chini, roho iliniuma. Na mvua ya huko Dodoma hata ikiwahi ni mwisho wa Novemba. Umeniuliza kama ukope ununue tangi la pili. Somo, subiri kwanza. Ingia chooni, ufungue mfuniko wa lile tangi la kuflashi uangalie ndani.

Nakwambia hivi kwa sababu choo chako nilikiona nilipokuja kwenye arobaini ya mtoto. Ni cha kizamani kama changu, na changu nimekipima. Chukua rula, pima urefu na upana wa tangi kwa ndani, kisha pima maji yanashuka sentimita ngapi ukiflashi. Zidisha zote tatu, ugawe kwa 1,000, unapata lita. Langu lilikuwa 40 kwa 15, na maji yalishuka sentimita 17. Lita kumi na kidogo kwa kuvuta mara moja! Nilikaa chini. Sasa piga hesabu ya kwako: mko wanne, tuseme kila mmoja anaenda mara nne kwa siku. Hizo ni lita 160. Simtanki lako linatoa lita 250 kwa siku. Maana yake zaidi ya nusu ya maji unayoyahangaikia yanapita chooni, na wewe unawagombeza watoto kwa kikombe cha kupigia mswaki.

Mwaka 2018 watu wa Cape Town waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku. Kwa choo kama chetu, ukivuta mara tano zimekwisha, hujapika wala hujaoga.

Mimi nilianza mwaka 2022, ule mwisho wa Oktoba Mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao. Jirani akaniambia nitumbukize tofali ndani ya tangi ili lichukue nafasi ya maji. Nikatumbukiza. Usifanye hivyo, somo. Tofali likiloa muda mrefu linamomonyoka, na mchanga wake unakwenda kukaa chini ya ile raba inayoziba njia ya maji. Raba yangu ikawa haikai vizuri, maji yakawa yanavuja kimya kimya kwenye sinki la choo, na miezi ikapita bila mimi kujua. Uvujaji haukuwa na sauti hata kidogo.

Nilikuja kuugundua uvujaji huo kwa rangi ya chakula, hii tunayotia kwenye keki. Unadondosha matone machache ndani ya tangi, unakaa nusu saa bila mtu kuvuta. Ukiona rangi imeshuka kwenye sinki, raba imechoka. Nikafunga koki, nikaweka alama ya penseli pale maji yalipoishia, nikarudi baada ya saa moja. Yalikuwa yameshuka sentimita nne. Hizo ni lita mbili na nusu kasoro kwa saa, yaani karibu madumu matatu kwa siku! Na mimi nilikuwa nanunua maji ya dumu. Bado inaniuma nikikumbuka.

Nikabadilisha raba, tofali nikalitupa, nikaweka chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, nimeijaza maji na kokoto kidogo isielee, kifuniko nimekikaza. Iweke pembeni, mbali na boya, lile linaloelea na kukata maji tangi likijaa, na mbali na raba. Halafu boya lenyewe nikalishusha. La kwangu lina mkono wa waya mnene, niliupinda taratibu kuelekea chini mpaka maji yakawa yanakata sentimita tatu chini ya pale pa zamani. Kama lako lina skrubu, izungushe tu.

Nilipopima tena nilipata karibu lita saba. Sisi tuko sita, kwa mwendo ule ule wa mara nne nne tunaokoa lita 72 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya masimtanki mawili kama lako.

Lakini usiwe na tamaa ukatia chupa tatu. Sinki la kizamani linataka maji yenye nguvu. Yakipungua mno uchafu hauondoki, mtu anavuta mara mbili, na bomba likiziba utamlipa fundi zaidi kuliko ulichookoa. Kwangu ikishuka chini ya lita sita haisukumi. Na kama mmeshabadilisha mkaweka kile cha vitufe viwili, kiache kilivyo, hicho kimetengenezwa kutumia maji machache.

Maji ya kusuuzia nguo nayo usimwage uani. Mimina kwenye sinki la choo kwa ndoo, kwa mkupuo mmoja. Usiyatie ndani ya tangi, maana utando wa sabuni unaharibu raba na yakilala yananuka.

Somo, unakumbuka chuoni tulivyofundishwa tusifanye israfu ya maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto? Wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha nikifungua bomba kubwa.

Raba nimekununulia mbili, nitampa kaka yako akija wikiendi. Anza na rangi, kisha rula, na uniandikie namba ulizopata kabla hujagusa boya. Hilo tangi la pili tutalizungumza baada ya hapo.

Mbusu mtoto.

Wako akupendaye,
Somo yako