Tumejifunza nini, na chaja iko wapi?

Mhariri,

Nimenyamaza miaka mingi, lakini taarifa yenu ya majuzi kuhusu vifaa vya kielektroniki vya uchaguzi wa Kenya wa 2027 imenikera. Eti makosa ya zamani yamerekebishwa. Yapi? Tume ya uchaguzi iyataje.

Ianze na uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013. Vipakatalishi vya kutambua wapiga kura vilipelekwa katika madarasa yasiyo na soketi, betri zikazima foleni ikiwa bado ndefu. Palipokuwa na umeme, makarani walikwama kwenye nywila. Matokeo yaliyopaswa kutumwa kwa simu yakakatikia njiani, na pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za taifa, skrini ikaonyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000 kwa sababu programu ilikuwa ikizizidisha kwa nane. Kwa nane, Mhariri! Kasoro hiyo hunaswa kwa jaribio la dakika chache: ingiza kura moja iliyoharibika, tazama skrini inasoma ngapi. Lakini mivutano ya zabuni ilikuwa imekula miezi ya majaribio, na zabuni ikichelewa, kinachokatwa kwanza huwa ni majaribio na mafunzo, kamwe si malipo ya mzabuni.

Mwaka wa 2017 tukaambiwa, siku chache tu kabla ya kura, kwamba vituo 11,155 vya kupigia kura havina mtandao wa 3G. Mtandao hupimwa kituo kwa kituo, kwa laini za kampuni mbili, miezi kadhaa mapema. Baadaye Mahakama ya Juu ikaagiza seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, hazikufunguliwa ipasavyo, na Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Kilichosaidia 2022 kilikuwa rahisi kupindukia: picha za Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, kuwekwa kwenye tovuti, kila mwenye kikokotoo ajumlishe mwenyewe.

Na si uchaguzi pekee. Huduma Namba, mradi wa serikali wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, iliandikisha mamilioni ya watu 2019, kisha Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaharamisha utoaji wa kadi kwa kuwa hapakuwa na tathmini ya athari kwa data za watu. Tathmini hutangulia usajili. Sasa tuna Maisha Namba, jina jipya.

Pendekezo langu: kabla ya malipo ya mwisho ya vifaa vya 2027, mkurugenzi wa mradi na mzabuni waketi kwenye darasa lisilo na umeme kule Turkana, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wakiwa na kifaa kimoja, betri moja na foleni ya watu 700. Atakayeomba chaja kabla ya mtu wa mwisho, zabuni yake ifutwe.

Msomaji wenu,
Nakuru