Rhoda, nisaidie hili la Masanja na shule

Rhoda wangu,

Habari za Dodoma, za kazi, na mama mguu unaendeleaje? Sisi huku Ilemela tupo, ule upepo wa ziwa wa asubuhi umeanza, dagaa wamepanda bei pale Mwaloni mpaka watu wanakunjana mashati, na Mama Kulwa kajifungua mapacha tena! Hayo nitakusimulia vizuri siku nyingine maana leo nimekaa kuandika kwa ajili ya jambo moja tu, Masanja, mtoto wa Neema.

Unajua tangu mwaka jana Neema anamsomesha nyumbani. Sasa wiki iliyopita mtendaji kaja na mwenyekiti wa mtaa, wakamkuta mtoto barazani na daftari, saa nne asubuhi, siku ya shule, wakauliza huyu mbona yuko hapa, Neema akaeleza yote, wakamwambia sheria ni sheria, arudi shule la sivyo baba yake ataitwa ofisini. Walisema kwa ustaarabu, siwezi kuwasema vibaya, ila toka siku hiyo Neema halali. Na shemeji kazidisha, anataka mtoto apelekwe Ukerewe kwa bibi akae huko mpaka watu wasahau. Nimekataa palepale. Mtoto wa sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, umpeleke kisiwani mbali na kliniki yake ya hospitali ya Bugando, maumivu yakimshika usiku unafanyaje?

Wewe ulishahama yalipotokea ya shule kwa hiyo nikuambie. Darasa limejaa, mwalimu mmoja, Masanja akiomba kwenda kunywa maji anaonekana msumbufu, akiomba chooni ndo kabisa, na mgonjwa wa sikoseli asipokunywa maji anaumwa. Neema alishapeleka cheti cha daktari, kikapokelewa kikaishia hapo. Siku moja akachelewa, manyunyu yanadondoka, wachelewaji wote wakapigishwa magoti nje na yeye humo humo. Ilipofika mchana miguu imeanza, jioni tuko wodini, yaani Rhoda mtoto alikuwa analia mpaka sauti ikaisha. Alipotoka Neema akasema harudi pale, na mimi nilimuunga mkono na bado namuunga.

Na anafundisha kweli. Si unakumbuka alifundisha tempo, ule ualimu wa muda, baada ya fomu siksi? Ana vitabu vilevile vya Taasisi ya Elimu, mlango wa stoo kaupaka rangi nyeusi ndo ubao, kuzidisha wamejifunzia kwa mafungu ya dagaa ya jirani, fungu moja bei gani, mafungu saba je, mteja akitoa elfu kumi chenji ngapi. Kukiwa na baridi mtoto anasoma na soksi mbili, shuka begani, chupa ya maji pembeni, akichoka analala, akiamka wanaendelea. Sasa hivi anasoma gazeti kwa sauti na anabishana na babu yake kuhusu Simba na Yanga.

Sasa turudi kwenye ile voisi yako. Ulisema mtoto ni wa mzazi, serikali ihangaike na barabara. Hapo sikubaliani na wewe, na nakwambia kwa kuwa nakupenda. Shemeji naye kaja na hoja hiyohiyo, ana lile Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kwenye simu, ibara ya 26, kwamba mzazi ana haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake. Ni kweli imeandikwa, ila nilimwambia apandishe juu kidogo, ibara hiyohiyo, aya ya kwanza, inasema elimu ya mwanzo ni ya lazima. Vyote viwili viko pale na mtoto yuko katikati.

Maana kuna yule mtoto wa Uingereza, Sara Sharif, miaka 10. Shuleni walishaona michubuko, baba yake akamtoa Aprili 2023 akisema atamsomesha nyumbani, Agosti mtoto akakutwa amekufa nyumbani kwao. Desemba 2024 baba na mama wa kambo wakatiwa hatiani kwa mauaji, na mwezi huohuo serikali ikapeleka muswada bungeni ili kila halmashauri iwe na daftari la watoto wasiosoma shuleni. Nilisoma hiyo usiku nikashindwa kulala. Neema si mtu wa hivyo, mimi na wewe tunajua, lakini mtendaji atajuaje? Akigonga mlango sioni ubaya wowote, mimi nataka agonge. Ninachokataa ni akishagonga awe na jibu moja tu mkononi.

Wajerumani ndo wana jibu hilo moja. 2013 polisi walienda kuwachukua watoto wanne wa familia ya Wunderlich kwa sababu wanasomea nyumbani, wakakaa nao wiki tatu, wazazi wakafika mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na wakashindwa, Januari 2019. Mimi hapo siwezi kukubali kabisa. Ila Afrika Kusini, tangu sheria yao ya shule ya 1996, mzazi anaruhusiwa lakini anaomba kusajiliwa, na ile sheria mpya aliyosaini Rais Ramaphosa Septemba 2024 imekaza zaidi, mtoto anapimwa na mtu mwenye sifa. Hiyo ndo naitaka kwetu. Waje hata kesho wafungue daftari la Masanja.

Huku kwetu sheria ya elimu ya 1978 inasema mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafika 13 aandikishwe shule ya msingi na mzazi ahakikishe anahudhuria. Masanja ana 9. Na sera mpya ya elimu, lile toleo la 2023, inapandisha elimu ya lazima iwe miaka 10, sawa, mimi naiunga mkono, wasichana wangapi huku ziwani waliachishwa wakapelekwa kuanika dagaa. Lakini mbona mtu mzima anasoma mwenyewe, anafanya QT, ule mtihani wa kufuzu, kisha anafanya fomu foo kama mtahiniwa wa kujitegemea na cheti anapewa? Mbona MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, iliwapa njia yao watoto waliokosa shule? Njia zinatengenezwa zikitakiwa. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema maslahi ya mtoto yatangulie, sasa maslahi ya huyu ni kupiga magoti kwenye manyunyu?

Kwa hiyo Rhoda, wewe ndo mwanasheria wetu. Nimemshawishi Neema tusikimbie, tuandike barua. Tumuandikie afisa elimu msingi moja kwa moja au ipitie kwa mkurugenzi? Tuambatanishe cheti cha Bugando au tuombe daktari aandike upya, aseme wazi kuhusu maji na baridi? Je jina lake likibaki kwenye rejista ya shule, akawa anaenda siku akiwa vizuri na siku nyingine anasomea nyumbani, mwalimu mkuu ana mamlaka ya kukubali hilo? Na mwakani darasa la nne kuna upimaji wa taifa, bila shule ataufanyia wapi? Yule kaka uliyesoma naye aliyeko wizarani bado mnaongea? Unaweza kumuuliza bila kutaja jina la mtoto? Na shemeji nimwambie nini, maana wewe anakusikiliza kuliko mimi.

Nijibu kabla ya Jumatatu maana baba mtu ndo kaitwa siku hiyo. Msalimie mama, mwambie sato wa kukausha nitampa dereva wa basi Ijumaa.

Wako,
Nyamizi