Vidonge vya kliniki ya moyo ndivyo dawa ya homoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Tanga limeanza kuwagharimu wagonjwa, nalo ni hii inayoitwa dawa ya kusawazisha homoni, inayouzwa mitaani kwa kipaza sauti na kusifiwa kwamba humrudishia nguvu mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Mimi ni muuguzi mstaafu na ninaishi Chumbageni. Mwaka huu jirani yangu, mama mtu mzima ambaye hedhi yake ilikoma miaka mingi, alilazwa kwa mshtuko wa moyo, akaruhusiwa kurudi nyumbani na bahasha nne za vidonge. Siku moja akiwa Ngamiani alinunua kopo la unga, akaelezwa kwamba shida yake ni homoni, na kwamba vidonge vya hospitali vinatuliza presha tu. Akaviweka kabatini. Wiki ya tatu miguu ilikuwa imevimba hata ndala hazimwingii, na usiku hakuweza kupata usingizi ila ameegemea mito mitatu.

Muuza unga yule alisema kweli katika neno moja: homoni zina mkono mkubwa katika kupona kwa moyo. Kinachoniudhi ni kwamba alimwachisha mgonjwa dawa za homoni zenyewe, kwa maana katika zile bahasha nne, tatu zilikuwa za kuzuia homoni zinazouelemea moyo, na ya nne ilikuwa aspirini.

Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaolisha msuli wa moyo unapozibwa na damu iliyoganda, na sehemu ya msuli iliyokosa damu huanza kufa ikiwa haikuwahiwa. Moyo wa mtu mzima hauna uwezo wa kuotesha msuli mpya wa kutosha kujaza pengo hilo, hivyo mahali pale pamebaki kovu. Moyo wenye kovu kubwa husukuma damu kwa unyonge, na hapo ndipo mwili unapokosea hesabu. Figo zikipata damu pungufu haziwezi kumtofautisha mtu aliyekatwa panga na mtu ambaye moyo wake umedhoofika. Kwao wote wawili wanavuja damu. Basi mwili huamsha msururu wa homoni: anjiotensini hukaza mishipa, aldosteroni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo huzuia chumvi na maji visitoke kwa mkojo, na adrenalini pamoja na mwenzake noradrenalini huuchapa moyo uende mbio. Kwa aliyekatwa panga, huo ni uokozi wa saa chache mpaka afikishwe hospitali. Kwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo, mambo hayo yakiendelea kwa miezi huwa ni mzigo juu ya mzigo, kwa sababu moyo uliojeruhiwa unalazimishwa kusukuma damu kwenye mishipa iliyobanwa huku mwili umejaa maji, na hata ile sehemu iliyosalimika huanza kutanuka na kuingiwa na nyuzi za kovu. Ile miguu ya jirani yangu haikuvimba kwa muujiza wala kwa husuda, ingawa husuda nayo ilitajwa.

Moyo wenyewe hujaribu kujitetea. Mwaka 1981 mtafiti Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada walionyesha kwamba vyumba vya juu vya moyo hutoa homoni inayoziamuru figo kutupa chumvi na maji, na tangu hapo imekuwa halali kuuita moyo tezi. Lakini sauti hiyo ni ndogo mbele ya kelele za zile homoni nyingine, na ndiyo maana dawa zikahitajika.

Kaptoprili, ambayo chimbuko lake ni uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, huzuia anjiotensini isitengenezwe. Mwaka 1992 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,231 waliotoka kupatwa na mshtuko wa moyo na ambao moyo wao ulikuwa umepungua nguvu, na ikaonekana kwamba kwa waliopewa kaptoprili vifo vilipungua kwa asilimia 19 vikilinganishwa na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2003 yakaja matokeo ya wagonjwa 6,632 waliojaribiwa eplerenoni, inayoizuia aldosteroni, na vifo vikapungua kwa asilimia 15 juu ya faida ya dawa nyingine walizokuwa wakitumia. Spironolaktoni ambayo wagonjwa wetu wengi wanaijua ni dada mkubwa wa dawa hiyo. Ama dawa za kuukinga moyo dhidi ya adrenalini, ya kwanza kutumika sana, propranololi, ilibuniwa na Mskoti James Black katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sisemi kwamba kila mgonjwa anahitaji kila kidonge. Utafiti wa mwaka 2024 uliohusisha wagonjwa 5,020 katika nchi za Sweden, Estonia na New Zealand ulionyesha kwamba wale ambao moyo wao bado ulisukuma damu vizuri baada ya mshtuko hawakupata nafuu ya ziada kwa kutumia hizo dawa za kuzuia adrenalini. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ndicho kinachoonyesha mgonjwa yuko kundi gani, na daktari aliyekisoma ndiye wa kupunguza au kuondoa dawa. Mwenye kipaza sauti hana eko.

Anayetilia shaka nguvu ya adrenalini na awaulize Wajapani. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliuelezea ugonjwa ambao mtu, aghalabu mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, hupata maumivu ya kifua yanayofanana kabisa na mshtuko wa moyo baada ya msiba au hofu kubwa, ilhali mishipa ya moyo haikuziba. Adrenalini iliyofurika inadhaniwa kuuduwaza moyo, ukavimba upande wa chini na kubaki mwembamba juu, mfano wa chungu ambacho wavuvi wa Japani hutegea pweza, na ugonjwa ukapewa jina la chungu hicho, takotsubo. Sisi wa pwani hii pweza tunamfuata kwa miguu na mkuki maji ya bamvua yakitoka, kwa hiyo chungu hatukijui. Lakini mjane aliyeanguka matangani akishika kifua, huyo tunamjua. Wengi wa wagonjwa hawa moyo wao hurudia umbo lake baada ya wiki kadhaa.

Swali ninaloulizwa zaidi na akina mama ni la estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi inapokoma: je, kuitumia hakuwezi kuulinda moyo? Ni swali la haki. Ni kweli kwamba kwa wastani wanawake hupatwa na maradhi ya mishipa ya moyo takriban miaka kumi baada ya wanaume, na kwamba hatari hupanda hedhi inapokoma. Kwa hiyo wataalamu walifikiri, kama wengi wetu tungefikiri, kwamba kuirudisha homoni iliyopungua kungeulinda moyo. Walijaribu. Mwaka 1998 yalitoka matokeo ya wanawake 2,763 wa Marekani waliokwisha kukoma hedhi na waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo: waliopewa estrojeni pamoja na projestini, aina nyingine ya homoni ya kike, hawakupata kinga yoyote, na katika mwaka wa kwanza walipatwa na matatizo ya moyo mengi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu madhara yalizidi faida. Wanaume nao, waliowahi kupatwa na mshtuko wa moyo, walipewa estrojeni kwa wingi katika utafiti wa Marekani, na mwaka 1970 kiwango kikubwa kikaondolewa kwa kuwa kiliwaongezea mishtuko. Homoni za kupunguza taabu za kukoma hedhi zina mahali pake kwa baadhi ya wanawake, lakini aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo asizitumie kama tiba ya moyo.

Habari za tezi ya shingo na za oksitosini nitazipitia haraka. Huko Uingereza wagonjwa 95 wa mshtuko wa moyo ambao tezi yao ilikuwa imezembea kidogo walifuatiliwa mwaka mzima, na matokeo ya 2020 yalionyesha kwamba homoni ya tezi haikuongeza nguvu ya moyo kusukuma damu. Oksitosini, homoni ya uchungu wa uzazi na ya kunyonyesha, ilivuma mwaka 2022 baada ya watafiti wa Michigan kuona inasaidia moyo wa samaki mdogo mwenye milia kuotesha seli mpya. Samaki huyo huweza kukatwa sehemu ya tano ya chumba cha moyo kikaota tena katika muda wa miezi miwili hivi, jambo ambalo binadamu hajajaliwa. Zaidi ya samaki, walitumia seli za binadamu zilizokuzwa maabara, wala hapakuwa na mgonjwa aliyemeza kitu.

Ombi langu linawahusu wenzangu niliowaacha kazini. Mgonjwa wa moyo anapopokea bahasha dirishani huelezwa moja mara mbili au moja mara moja, na hapo maelezo yanaishia. Jirani yangu alipotoka wodini mara ya pili nilikaa naye ukumbini, nikamwandikia kwa kalamu juu ya kila bahasha: hii inazuia homoni inayobana mishipa, hii inazuia homoni inayozuia maji, hii inaukinga moyo na adrenalini, hii inazuia damu kuganda. Aliisoma ya pili mara mbili, akatazama miguu yake, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la kumpa, na kwa miaka yote niliyofanya kazi mimi mwenyewe niliandika moja mara mbili.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Chumbageni, Tanga.